Oili ya trekta la Baba ilikuwa inaenda wapi?

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, huku Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, kila mtu anaangalia mawingu na kila mwenye trekta simu yake haikai kimya, trekta letu likaanza kunywa oili. Sio oili ya injini, ni ile ya nyuma, ya gia boksi na haidroliki. Nachomoa dipstiki asubuhi naona imeshuka chini ya alama, naongeza lita moja na nusu, baada ya siku tatu imeshuka tena, naongeza tena. Alafu pale linapolala uwanjani chini ni pakavu kabisa, hakuna tone wala doa, kuku wanaoga vumbi pale pale chini ya difu, lile boksi la gia za magurudumu ya nyuma.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, injini ya Perkins silinda tatu, kadi inasema la mwaka 1972. Hizi zilianza kutoka mwaka 1964 na mpaka leo ukipita vijijini huku unazikuta zinalima, zingine bati zote zimeisha ila ukipiga stata inawaka. Baba alilinunua likiwa limeshatumika na ndilo limetusomesha sisi wote nyumbani. Siku hizi miguu haimruhusu kupanda, kwahiyo nalisimamia mimi pamoja na dereva, na Baba anakaa chini ya mwarobaini anasikiliza mlio tu. Nilipomwambia habari ya oili akanijibu, "Mwanangu, oili haina miguu. Kama haipo ndani basi kuna sehemu imetokea, katafute."

Fundi wa kwanza niliyemwita hakutafuta. Alipanda, akanyanyua plau, akazima injini, plau ikaanza kushuka polepole yenyewe, akasema hapo pampu imekufa, leta hela ya pampu. Na kiukweli nilikaribia kuitoa, maana mvua ilikuwa mlangoni na wateja wa ekari walishalipa advansi.

Kilichonizuia ni kitu kimoja ambacho naomba kila mwenye 135, 165 au hata Ferguson za zamani zaidi akielewe vizuri. Kwenye trekta hizi pampu ya haidroliki haijafungwa nje. Iko ndani kabisa ya tumbo la trekta, inaogelea kwenye oili ile ile inayolainisha gia na difu, kama lita 30 hivi zote kwa pamoja. Mpangilio huo ni wa Harry Ferguson, yule Mwairishi aliyetuletea mikono mitatu ya kufungia jembe, trekta zake za kijivu za TE20 zilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, na 135 imerithi tumbo lile lile. Pampu ina pistoni nne, inazungushwa na shafti ya PTO (ile inayotokea nyuma kuzungusha mashine unazofunga kwenye trekta), inavuta oili pale chini inaisukuma juu kwenye silinda ya mikono. Sasa fikiria, pampu ikichoka, ikivuja, hata ikipasuka, oili inamwagikia wapi? Inarudi mule mule ilikotoka. Dipstiki haiwezi kushuka hata milimita moja kwa sababu ya pampu mbovu.

Kwahiyo mi nilikuwa na magonjwa mawili yamekuja siku moja. Mikono kushuka yenyewe ni ugonjwa wa ndani, oili inapita sehemu isiyotakiwa ila haitoki nje ya trekta. Dipstiki kushuka ni ugonjwa wa nje, kuna mlango umefunguka mahali. Fundi aliyachanganya yote akayapa jina moja, pampu. Ningenunua pampu, ningefunga, na baada ya siku tatu dipstiki ingeshuka vile vile.

Tukaanza na kuliosha. Najua watu wanaona kuosha trekta ni kupoteza muda ila huwezi kuona oili mpya ikitoka juu ya tope la oili la miaka mitano. Dizeli kidogo, brashi, kikwangulio, sabuni ya unga, maji, mimi na dereva tulitumia karibu siku nzima. Vumbi la huku sio la mchezo, huu udongo wetu mwekundu wa Kongwa ndio ule ambao mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga wakashindwa, ukikauka unakuwa kama sakafu na unakula vyuma kama msasa. Ukichanganyika na oili unatengeneza koti gumu unaloligonga kwa nyundo. Tulipomaliza na kukausha nikapaka chokaa ya unga sehemu zote ninazozishuku, maana kwenye weupe oili haijifichi.

Sehemu zenyewe ni hizi. Kwanza chini ya nyumba ya klachi, pale kuna tundu dogo lenye pini ya kukunja inayoning'inia, kazi yake ni kucheza cheza ili tundu lisizibe. Likidondosha oili nyeusi jua ni sili (ringi ya mpira inayozuia oili isitoke pale shafti inapopita) ya nyuma ya injini, likidondosha oili safi ya rangi ya asali ni sili ya shafti inayoingia gia boksi, na hapo kuna kazi maana trekta inabidi likatwe katikati, yaani lifunguliwe vipande viwili. Letu lilikuwa kavu, nikamshukuru Mungu. Kisha sili ya PTO kule nyuma, kavu. Shafti ya mikono ya kunyanyulia inapotokea huku na huku, upande wa kushoto palikuwa na unyevu kidogo tu, wa kuloanisha kidole, sio wa kumaliza lita. Vifuniko vya ubavuni, kile cha kulia chenye dipstiki na mwenzake wa kushoto, gaskiti nzima. Plagi za chini nzima. Kile kifuniko kidogo cha juu mbele ya siti, kikavu.

Tukatandika maboksi chini, trekta likalala. Asubuhi maboksi makavu. Tukanyanyua plau tukaliacha linanguruma dakika ishirini, kavu. Nikaanza kuchanganyikiwa.

Nikaangalia na oili ya injini, labda oili inahamia kule. Hii sio kichaa, jirani yetu mwenye Ford 5000 ilimtokea, haidroliki yake ilikuwa inapungua na oili ya injini inaongezeka yenyewe, kumbe kwenye zile pampu ya haidroliki imefungwa kwenye injini na sili ya shafti yake ikifa oili inaingia moja kwa moja kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mwenye Ford aanzie hapo. Lakini 135 haina njia hiyo, na dipstiki ya injini yangu ilikuwa pale pale.

Hapo ndo nikaenda kwa Babu. Sio babu yangu wa kunizaa, ni fundi mzee ambaye alishaacha kufanya kazi za kuchafuka mikono, ila vijana wote wa gereji hapa wamepita kwake. Nikamkuta anachambua choroko.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Trekta la mzee linasemaje?"

Nikamweleza yote, kuanzia dipstiki mpaka maboksi. Akasikiliza bila kunikatiza, alafu akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Ukiwa unalima, gurudumu gani linapita mtaroni?"

"La kulia Babu."

"Na breki ya kulia inashika?"

Nikanyamaza. Kwasababu kwa wiki mbili dereva alikuwa ananilalamikia kwamba akifika mwisho wa shamba pale pa kugeuzia, akikanyaga breki ya kulia peke yake ili trekta lizungukie hapo hapo, haliitiki, linaenda mbele, inabidi apige duara kubwa. Mi nilimwambia tutaikaza msimu ukiisha.

Babu akachora kwa kidole kwenye vumbi. Plau ya disk inatupa udongo kulia, kwahiyo mkondo unaofuata gurudumu la kulia linashuka kwenye mtaro uliokwisha kulimwa na la kushoto linabaki juu kwenye ardhi ngumu. Trekta linalima kutwa nzima limeinamia kulia. Oili yote ya tumboni inahamia upande huo, inaingia kwenye lile bomba nene la ekseli, inasimama juu ya sili ya hafu shafti, ile shafti inayozungusha gurudumu, masaa nane. Jioni unaliegesha uwanjani pamenyooka, oili inarudi katikati, sili inabaki kavu. Ndiyo maana nyumbani halivuji. Linavuja shambani tu, na oili haidondoki chini, inaingia kwenye dramu ya breki, inalowa kwenye viatu vya breki na lile vumbi jeusi, na inayozidi inatupwa na gurudumu kwenye udongo unaogeuzwa. Nani ataona tone kwenye shamba linalolimwa?

Nilirudi nyumbani nusu nakimbia. Tukalipandisha trekta magurudumu ya kushoto kwenye kingo ya tuta, ya kulia chini, tukaweka mawe mbele na nyuma, tukaliacha hivyo usiku mzima. Asubuhi kwenye upande wa ndani wa rimu ya kulia kulikuwa na mstari wa oili safi umeshuka mpaka kwenye tairi, na chokaa pale chini ya sahani ya breki imegeuka kuwa uji. Nilipiga picha nikamwonyesha Baba, akacheka mpaka akakohoa.

Sasa kazi yenyewe. Nitaeleza tulivyofanya sisi, na kama hujawahi kushika kazi hii tafuta mtu aliyewahi asimame pembeni yako, maana uzito wa vitu hivi unaua. Tairi letu la nyuma lina maji ndani kwa ajili ya kuongeza uzito, ukilifungua hovyo likakudondokea hutoki. Alafu kuna jambo moja ambalo watu hawalijui: ekseli ya mbele ya trekta inacheza kama pembea katikati, ukipiga jeki nyuma upande mmoja trekta linaweza kulala. Piga kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na kichwa cha trekta kabla hujagusa jeki. Na usitegemee jeki peke yake, weka gogo la kweli au stendi chini ya nyumba ya ekseli.

Tulimwaga oili kwanza kwenye ndoo safi. Na hapo ukiimwaga itazame vizuri, ikiwa kama chai ya maziwa maana yake imeingia maji, na hiyo usirudishe. Yetu ilikuwa nyeusi kiasi ila haina maji. Tairi likatoka kwa watu watatu, dramu ikagoma kidogo ikatoka kwa kugonga polepole kuizunguka, na ndani yake, jamani, ilikuwa ni uji wa oili na vumbi la breki, viatu vimelowa kama andazi kwenye chai. Kwa wiki mbili dereva wangu alikuwa anateremka na tela la mahindi akiwa na breki ya upande mmoja. Hilo liliniuma kuliko hela yoyote.

Ukifungua bolti zinazoshika kibati cha beringi, hafu shafti inatoka nzima na beringi yake. Kati ya kibati na nyumba ya ekseli kuna shimu, vibati vyembamba vya kupimia mchezo wa shafti, usivipoteze na usivichanganye, vilivyotoka upande huu virudi upande huu na idadi ile ile. Mi nilivifunga kwa waya pamoja. Sili ya ndani, ile inayozuia oili ya difu isitoke, imekaa ndani ya nyumba ya ekseli, na yetu ilikuwa imekuwa ngumu kama plastiki, mdomo wake umelika na springi yake ndogo imekatika. Ya nje nayo tulikuwa tumeinunua, ila kuibadilisha inabidi utoe ringi iliyobanwa kwenye shafti kwa presi, kwahiyo shafti ilipelekwa kwenye gereji yenye presi, ikarudi jioni.

Pale sili inaposugua kwenye shafti palikuwa na mfereji mwembamba. Nikapitisha ukucha, ukagusa ila haukukwama. Babu alishaniambia, ukucha ukikwama sili mpya haitadumu, inabidi shafti ivalishwe pete au ubadilishe. Yetu tukaipitisha msasa laini wa maji, kwa kuzunguka sio kwa urefu, maana mikwaruzo ya urefu inageuka njia ya oili. Sili mpya ikapakwa oili mdomoni, upande wenye springi ukatazama ndani kwenye oili, tukaigonga kwa kipande cha bomba chenye upana sawa na sili, polepole, kuzunguka, mpaka ikakaa sawa sawa. Ikiingia kichwa upande umeshaiua hapo hapo.

Viatu vya breki nilinunua vipya. Dereva alitaka tuvichome moto oili itoke, wengi wanafanya hivyo, na nilimkatalia kabisa. Oili iliyoingia ndani ya lainingi haitoki yote, siku ya joto inarudi juu na breki inateleza tena, na aliye juu ya trekta ni mtoto wa mtu. Dramu tuliiosha kwa petroli ikakauka juani.

Huku tukisubiri shafti tukashughulika na ugonjwa wa pili, ule wa mikono kushuka. Kabla hujafungua kifuniko kikubwa cha haidroliki, ambacho ni kizito na kinataka winchi, anza na kile kifuniko kidogo nilichokitaja mbele ya siti. Chini yake kuna bomba dogo la kusimama linalopandisha oili kutoka kwenye pampu, lina oringi (pete za mpira za kuzuia oili) juu na chini, na linachomoka kwa juu bila kubomoa trekta. Oringi za letu zilikuwa bapa kama utepe, moja imekatika. Oringi hizo bei yake ni kama ya soda. Tulibadilisha tukarudisha, na baadaye tulipojaribu, plau ambayo zamani ilifika chini ndani ya dakika mbili sasa ilikaa juu karibu nusu saa kabla haijaanza kushuka. Bado inashuka kidogo, nadhani ringi za pistoni ya silinda ya mikono nazo zimechoka, ila kwa kulima inatosha kabisa, na hiyo itasubiri kiangazi.

Na jamani, kama mikono haipandi kabisa, kabla ya kumwita fundi angalia lever ya PTO. Kwenye 135 pampu inazungushwa na hiyo shafti, ikiwa nyutro pampu haizunguki. Kuna mzee mmoja aliuziwa pampu kwa kosa hilo, nilimwonea huruma sana.

Oili tuliyorudisha ni mpya, ile ya matrekta inayofanya kazi ya gia na haidroliki pamoja. Kuna watu wanajazia oili chafu iliyomwagwa kwenye injini za malori, eti nyuma hakuna shida. Shida ipo. Ile pampu ina nafasi nyembamba sana kati ya pistoni na nyumba yake na valvu yake ya kuongoza iko upande wa kuvuta, kwahiyo uchafu wote unaoingia unapita hapo. Sili mbili, oringi na gaskiti zote kwa pamoja hazikufika bei ya ndoo moja ya oili, na pampu niliyoambiwa ninunue ingekuwa mara nyingi ya hapo.

Tulijaza, tukaliendesha kidogo, tukanyanyua na kushusha mikono mara kadhaa hewa itoke, tukasubiri itulie, tukapima tena tukaongeza mpaka alama ya juu. Kesho yake tukalilaza tena limeinama kulia kwenye tuta, chokaa mpya kwenye sahani ya breki. Asubuhi chokaa nyeupe.

Dereva akatoka na plau ya disk mbili kwenda kwa mteja wa kwanza. Nilimfuata na bodaboda kwa sababu nilitaka kuona lile kona la mwisho wa shamba. Akafika, akanyanyua plau, akakanyaga breki ya kulia, trekta likazunguka hapo hapo kwenye kisigino chake na kuingia mtaroni. Akanipungia mkono. Nilisimama pale nikaangalia mikondo kama sita hivi kabla ya kuondoka.

Mvua ilianza wiki mbili baadaye. Tumemaliza ekari zote za watu na zetu, na dipstiki naichomoa kila Jumatatu asubuhi, iko kwenye alama ya juu. Sili ya upande wa kushoto ni ya umri ule ule na iliyokufa, nimeshainunua, iko kabatini kwenye boksi lake pamoja na oringi za akiba, tukivuna tu tunafungua.